Kubadilisha bomba la brasi la kutolea maji kwenye boti ya faiba: mwongozo kamili kwa wenye boti wa Mtwara na Lindi

Ukiinama nyuma ya boti ya faiba iliyopwelezwa, chini ya mashine, utaona tundu lenye kizibo. Ndani yake kuna kipande kifupi cha bomba la brasi, ile shaba ya njano, kilichopita kwenye ukuta wa tezi kutoka nje hadi ndani. Wahenga walisema tezi na omo marejeo ni ngamani, na maji ya botini ndivyo yalivyo: ya mvua, ya wimbi, ya kuoshea samaki, yote huishia ngamani, chini kabisa ndani ya boti, na kutoka ngamani njia yake ni tundu hilo.

Wengi hudhani bomba limewekwa ili maji yapite. Maji yangepita hata bila bomba. Bomba limewekwa kwa ajili ya ubao. Ukuta wa tezi wa boti nyingi ndogo si faiba tupu. Katikati kuna plaiwudi, na ukijumlisha ngozi za faiba za pande zote mbili unene wake mara nyingi ni milimita 38 hadi 50. Plaiwudi hiyo ndiyo inayobeba mashine. Ukuta ukitobolewa, ubao unabaki wazi ndani ya tundu, na brasi ndiyo inayouziba. Bomba likiliwa au likilegea, ubao hunywa maji ya chumvi kimya kimya, na mwenye boti huja kujua siku washa za boliti za mashine zinapoanza kuzama ukutani.

Kwa hiyo kupachika bomba jipya ni sehemu ndogo ya kazi hii. Sehemu kubwa ni kuukausha ubao na kuufunga usinywe tena. Anayeng'oa bomba bovu asubuhi na kuweka jipya jioni amefungia maji ndani ya ukuta wake.

Kulitambua bomba bovu

Brasi ni mchanganyiko wa shaba nyekundu na zinki. Baharini zinki huliwa kwanza, ikabaki shaba nyekundu yenye vitundu visivyoonekana kwa macho. Ndiyo maana bomba linaweza kuonekana zima huku limekwisha. Chukua msumari, ukwaruze ukingo wa bomba mpaka kutu ya kijani itoke. Ukiacha mchirizi wa njano unaong'aa, brasi ingali brasi. Ukiona rangi ya waridi iliyopauka, na msumari unabandua chembe badala ya kuchora, hilo si bomba tena. Wakati mwingine ukibonyeza kwa kidole gumba kwenye mkunjo wa ncha, kipande kinamomonyoka mkononi.

Dalili nyingine ni mpasuko kwenye ncha iliyokunjwa, bomba linalozunguka ukilisukuma kwa kidole, na maji ya kahawia yanayochuruzika kando ya bomba muda mrefu baada ya ngama kukauka. Hiyo ya mwisho ndiyo ya kuiogopa. Maji hayo yanatoka kwenye ubao.

Kabla hujanunua chochote, gonga ukuta wa tezi kuzunguka tundu kwa kitako cha bisibisi. Penye ubao mzima sauti ni kali na fupi. Penye kuoza sauti ni butu. Weka alama za chaki pale inapobadilika. Eneo la sauti butu likizidi upana wa kiganja, au likipanda kuelekea boliti za mashine, simama hapo. Ukuta mzima unadai ubao mpya, na mashine isifungwe tena juu yake hadi ubadilishwe. Mashine iking'oka na kipande cha ukuta wakati boti iko nje ya Msimbati kwenye kusi kali, hakuna bomba litakalosaidia.

Kuchagua siku: fuata bamvua

Huku kusini wengi hatuna reli wala winchi ya kupandishia boti, tunategemea maji yenyewe. Bamvua huja karibu na mwezi mpevu na karibu na mwezi mwandamo, na kati ya bamvua moja na nyingine ni kama wiki mbili. Ilete boti maji yakiwa yamejaa bamvua, uisukume juu hadi maji yanapokoma, kisha ongeza hatua chache kwa magogo. Siku zinazofuata kimo cha maji kinapungua, maji mafu yanaingia, na boti inakaa pakavu bila kuguswa hadi bamvua inayofuata. Muda huo unatosha kukausha, kupaka epoksi (gundi ngumu ya sehemu mbili) na kuacha silanti, gundi laini ya kuzibia maji, ikomae.

Tahadhari moja: bamvua mbili zinazofuatana hazilingani kimo. Kama hamna watu wa kutosha kuishusha kwa mikono, msiiweke kwenye mstari wa juu kabisa wa takataka za bahari, la sivyo mtangojea bamvua kubwa zaidi.

Majira nayo yana neno. Mvua za Mtwara na Lindi huanza Novemba au Desemba na kwenda hadi Aprili. Ukiweza kuchagua, fanya kazi hii kati ya Juni na Oktoba. Ubao uliolowa mwezi Februari, hewa ikiwa nzito na mvua ikinyesha usiku, unaweza kuukausha wiki nzima usione tofauti.

Vifaa

Chukua bomba la zamani au kizibo chako uende nalo dukani. Kizibo cha kawaida cha mpira cha inchi 1 kinahitaji bomba lenye upana wa inchi 1 kwa ndani; kwa nje huwa zaidi kidogo, na kipimo cha nje ndicho utakachotobolea ukuta. Kipime kwa vernia, kipimio cha upana chenye taya mbili, usikisie. Bomba zuri huja na ukingo uliokunjwa upande mmoja tayari, na oringi yake (pete ya mpira ya kuzibia). Liwe refu kuliko unene wa ukuta, utalikata mwenyewe.

Kama boti inalala majini siku zote na unapata bomba la shaba ya bronzi, lichukue. Halina zinki nyingi ya kuliwa. Mabomba ya plastiki ngumu ya boti nayo hayaliwi na chumvi, ila usikunje ncha zake. Hushikwa kwa silanti na skrubu. Chuma kisichoshika kutu, hata kile kizuri, sikipendi hapa: kikifunikwa na silanti na maji ya chumvi yakakwama bila hewa, huliwa kwa vishimo. Kwa boti inayopwelezwa mara kwa mara, brasi inatosha, ilimradi ubao nyuma yake umefungwa.

Utahitaji pia epoksi ya sehemu mbili, unga wa silika wa kuikazia, silanti ya poliurethani ya boti, asetoni, msasa, keke ya umeme yenye kichwa cha msumeno wa duara, msumeno wa chuma, patasi nyembamba, koleo, tepu ya karatasi, glavu, miwani na barakoa. Keke ya betri ni salama kuliko waya mrefu juu ya mchanga wenye maji.

Silikoni ya madirisha iache dukani. Nahodha kijana hukosi kumsikia akisema, "Fundi, si tupake silikoni tu tuwahi maji?" Mjibu kwa upole lakini mkatalie. Silikoni hubanduka chini ya maji, na ikishapakwa huacha utando ambao rangi, jelikoti (ngozi laini ya nje ya faiba) wala epoksi haishiki juu yake. Atakayekuja kutengeneza baada yako atakwangua mpaka faiba.

Kung'oa la zamani

Fungua kizibo, futa ngama, osha eneo lote kwa maji baridi na sabuni. Mafuta ya mashine yakibaki, msasa utayasugua yaingie ndani zaidi.

Ncha iliyokunjwa kwa ndani ndiyo inayolishika bomba. Isage kwa tupa au grenda ndogo hadi mkunjo uishe, ukiangalia usile faiba. Kisha lisukume bomba kutoka ndani kwenda nje kwa kipande cha mti kinachotoshea. Lililooza mara nyingi huja vipandevipande. Lililogoma, usiligonge kwa nguvu. Faiba ya nje itabanduka na ubao wake. Ingiza ubamba wa msumeno wa chuma ndani ya bomba, ukate mstari mmoja kwa urefu wake, polepole, hadi uhisi brasi imekatika na kabla hujafika kwenye ubao. Shika ukingo kwa koleo, uukunje kuelekea katikati. Bomba litajikunja na kupungua upana, litoke.

Kwangua gundi yote ya zamani. Faiba unayoisaga hutoa vumbi linalowasha na kudhuru mapafu: vaa barakoa, na baadaye oga kwa maji baridi.

Sasa tazama ndani ya tundu kwa tochi. Ubao wa rangi ya asali, mgumu kwa ncha ya bisibisi, ni mzima. Ukiwa mweusi lakini mgumu, umelowa tu na unaweza kupona. Ukiwa laini, bisibisi ikazama na kutoka na nyuzi zenye harufu ya uozo, toa yote kwa patasi hadi ufike pagumu.

Kukausha

Hapa ndipo watu wanapokosa subira. Kwanza, lowesha. Mimina maji yasiyo na chumvi ndani ya tundu mara kadhaa, yapite na kumwagika. Chumvi iliyobaki kwenye ubao huvuta unyevu wa hewa kila usiku, na ubao wenye chumvi haukauki hata ukiupigia jua la Oktoba. Ukishaitoa chumvi, acha tundu wazi pande zote mbili upepo upite. Boti ielekeze ili kusi iingie kwa tundu. Usiku funika kwa turubai inayoachia hewa, kwa sababu ya umande. Penye umeme, taa ya balbu ya zamani yenye joto ikining'inizwa karibu na tundu husaidia. Moto wa wazi hapana, faiba huungua vibaya.

Utajuaje kumekauka? Asubuhi, ziba tundu pande zote kwa kipande cha nailoni safi inayoonyesha ndani, uibane kwa tepu, uache jua likipige mpaka adhuhuri. Ukiona matone yameshikana upande wa ndani wa nailoni, ubao bado unatoa maji. Rudia kesho. Siku nailoni itakapobaki kavu, endelea.

Kufunga ubao kwa epoksi

Mafundi wetu wengi wamezoea resini ya poliesta na mati, yaani mkeka wa nyuzi za faiba. Kwa kazi hii ninasisitiza epoksi, kwa sababu poliesta hushika vibaya kwenye ubao na kwenye faiba iliyokwisha kukauka. Na tabia za poliesta usizilete kwenye epoksi. Kwa poliesta, hadina (dawa ya kuigandisha) ikiongezwa kidogo resini hukauka haraka. Epoksi haiko hivyo: hadina ni sehemu ya mwili wake, na uwiano ulioandikwa kwenye kopo, uwe 2 kwa 1 au 5 kwa 1, haubadilishwi. Ukizidisha ili uwahi, itabaki ya kunata milele, nawe utaikwangua yote.

Kwa joto letu, changanya kidogo kidogo na ukimaliza kukoroga mimina kwenye sahani pana. Epoksi ikikaa kwa wingi kwenye kikombe hujipasha yenyewe, hupanda joto hadi kutoa moshi, na inaganda mkononi mwako.

Kama ubao ulikuwa mzima tangu mwanzo, paka matabaka matatu ndani ya tundu kwa brashi ndogo, tabaka la kwanza jembamba na la majimaji ili linywewe. Lipake alasiri, ukuta ukianza kupoa. Ubao unaopoa huvuta epoksi ndani. Ubao unaopashwa na jua la asubuhi husukuma hewa nje na kuacha malengelenge. Tabaka likikauka kabisa kabla ya lingine, lioshe kwa maji na sifongo kwanza, maana epoksi huacha utando wa utelezi juu yake, kisha ulisugue kwa msasa.

Kama ulitoa ubao uliooza, au boti inakwenda baharini kila siku, fanya zaidi: panua tundu hadi lizidi bomba kwa kama milimita 12, ulijaze lote epoksi iliyokazwa, kisha utoboe upya katikati. Bomba litazungukwa na epoksi ngumu ya milimita 6 kila upande, na hata brasi ikiliwa baada ya miaka, maji hayafiki kwenye ubao. Ninaona hii ndiyo njia ya kufanya kwa boti ya kazi, na gharama inayozidi ni ndogo.

Kupanua tundu lililokwisha tobolewa kuna tatizo lake: kichwa cha msumeno hakina mahali pa kushika katikati. Toboa kwanza kipande cha ubao kwa kichwa hichohicho, ukibane ukutani kwa klempu juu ya tundu, na tundu la ubao liongoze msumeno. Baada ya kupanua, paka epoksi ya majimaji, subiri ianze kunata, ziba upande mmoja kwa tepu na plastiki, ujaze epoksi iliyokazwa iwe nzito ya kutotiririka. Kama unga wa silika haupatikani, unga wa mbao mkavu sana, uliochekechwa kwa kitambaa, unafaa. Tundu la milimita 40 kwenye ukuta wa milimita 45 hunywa kama mililita 57, kikombe kidogo cha kahawa. Jaza kwa awamu mbili, ya kwanza ipoe kabla ya ya pili.

Iache walau siku nzima, kisha toboa tundu jipya kwa kipimo cha nje cha bomba, na nafasi ya nusu milimita hivi kwa silanti. Elekeza keke ili tundu liinamie nje kidogo, maji yasilale ndani. Ukingo wa nje ukate mshazari kidogo kwa tupa, silanti ipate pa kukaa.

Kukata, kulainisha na kupachika

Ingiza bomba likiwa kavu, na oringi mahali pake, ukingo wa kiwandani ukiwa nje upande wa bahari. Kwa ndani weka alama milimita 4 nje ya ukuta. Ikiwa pungufu ya 3, mkunjo hautashika. Ikizidi 5, utapasuka. Kata kwa msumeno, lainisha ncha kwa tupa ndani na nje. Kila mkwaruzo uliobaki kwenye ncha ni mwanzo wa ufa.

Brasi iliyokatwa kutoka bomba la kawaida huwa ngumu, hivyo ilainishe kwanza. Toa oringi. Shika bomba kwa koleo, upashe sentimita 2 za ncha kwenye mkaa uliokolea hadi iwe nyekundu hafifu ukiitazama kivulini, kisha iache ipoe. Usipulizie moto kwa fujo, brasi huyeyuka kwenye nyuzi 900 na kitu, na moshi mweupe wa zinki ukiuona umeshazidisha; usiuvute. Asetoni iwe mbali kabisa na jiko.

Kifaa cha kukunjia kinauzwa, lakini huku hukipati kwa urahisi. Nondo yenye hesi ya milimita 12, nati mbili, washa pana ya kukaa nje juu ya ukingo, na kichwa kilichokerezwa kwa ndani vinatosha. Kichwa hicho kiwe na shina linaloingia ndani ya bomba bila kulegea, na bega linalopanda kwa mviringo. Fundi wa kukereza chuma atakutengenezea. Kwa bomba moja au mawili, mpingo unafaa: ni mgumu, haupasuki ovyo, na mikoa hii haikosi wa kuukereza, kuanzia Kilwa hadi kwa wachongaji wa Kimakonde.

Safisha kwa asetoni ukuta, tundu na bomba. Bandika tepu kuzunguka tundu pande zote. Paka silanti ndani ya tundu na chini ya ukingo, kwa wingi, na uingize bomba kwa kulizungusha ili isibaki nafasi ya hewa. Pitisha nondo, ukaze nati taratibu. Ncha ya ndani itaanza kufunguka. Robo mzunguko, tulia, robo tena. Ukingo ukilala karibu na ukuta, ondoa kifaa, umalizie kwa nyundo ya kichwa cha mviringo, ukigonga kwa wepesi kuzunguka, mwenzako akiwa ameshikilia chuma kizito kwa nje. Ufa mdogo ukitokea kwenye ncha, silanti itauziba. Ukifika kwenye ukuta, toa bomba uanze na lingine wakati silanti bado mbichi.

Futa silanti iliyotoka, bandua tepu kabla haijakauka. Soma kwenye mkebe inahitaji muda gani. Zipo zinazodai hadi siku 7 kukomaa.

Mabomba ya juu, na boti zenye povu

Mabomba ya kwenye kisima cha mashine (kishimo kilicho mbele tu ya mashine), yaliyo juu ya maji, hubadilishwa kwa njia ileile, na yakiwa mazima kwa kipimo cha msumari yaache.

Boti yenye ngozi mbili na povu katikati ni jambo jingine. Bomba lake hupita ndani ya povu, na likivuja povu hulowa na boti inazidi kuwa nzito mwezi kwa mwezi huku nje haionyeshi kitu. Povu lililolowa halikauki kwa upepo. Chimbua lililo karibu na tundu kwa waya uliopindwa, uzungushe epoksi iliyokazwa nafasi yote, ndipo utoboe na kupachika.

Kujaribu

Usijaribu baharini. Funga kizibo, mimina ndani lita 20 hadi 40 za maji tezini, ukaushe ukuta wa nje kwa kitambaa na usubiri. Weka kipande cha gazeti kikavu chini ya ukingo wa bomba. Tone lolote litaonekana. Maji yakitoka katikati ya bomba, tatizo ni kizibo. Yakitoka kando ya ukingo, silanti haikushika, na boti isishuke.

Ikishuka, safari ya kwanza iwe fupi, ndani ya ghuba ya Mikindani au ya Lindi, na upo wa kufulia maji uwemo. Ukirudi kagua mkunjo wa ndani kwa kidole. Baada ya hapo suuza bomba kwa maji yasiyo na chumvi kila inapowezekana, usifunge waya wowote wa betri kwenye brasi hiyo, na kizibo cha akiba kifungwe kwa kamba karibu na tundu, mahali ambapo mkono unafika gizani.